Bendera, sanamu na jino: vitu hivi vina maana gani kwetu?



Ninyi wote mulikuwa pale siku ile kamba ya bendera ilikatika. Ilikuwa siku ya kwanza ya juma, asubui, mvua ilikuwa ikinyesha kidogo, na sisi tulisimama mistari kwa mistari katika uwanja wa masomo. Tulikuwa katikati ya wimbo wa taifa. Bendera ilifika nusu ya mulingoti, kamba ikakatika, bendera ikaanguka ndani ya matope. Wengine walicheka. Mwanafunzi mumoja wa kilasi yetu (hatutaji jina lake, yeye mwenyewe aliomba tusilitaje) akasema kwa sauti: « Muache, iko kitambaa tu! » Mwalimu wa disiplini alimusikia, akamupa azabu ya kukata majani siku tatu.

Kuko jambo lingine ambalo wengi hawakuliona. Muzee anayelinda masomo yetu, yule sisi wote tunamwita Papa Zamu, alitoka mbio kwenye mulango, akaokota bendera, akaipeleka nyuma ya jikoni na kuifua kwa sabuni yake mwenyewe.

Ndani ya kilasi mabishano yalianza. Wa kwanza walisema azabu ilikuwa ya haki, kwa sababu anayezarau bendera anazarau inchi. Wa pili walisema kitambaa hakisikii haya wala uchungu. Wa tatu walisema kusimama wima mbele ya kitambaa ni karibu sawa na kupiga magoti mbele ya sanamu, na Amri za Mungu zinakataza. Mwalimu wa historia alitusikiliza muda murefu, kisha akasema: « Badala ya kupiga kelele, mutafute. Muulize wazee, musome, kisha mwandike. » Basi tulitafuta, na hii ndiyo kazi yetu.

1. Kitu ni kimoja, maana ni nyingi

Alama ni kitu kinachosimama pahali pa kitu kingine. Pete ya ndoa ni chuma kidogo, lakini anayeiona anajua kwamba mutu huyu ana bibi ao bwana. Chuma chenyewe hakisemi neno. Watu ndio waliopatana kwamba kitasema vile.

Hapa kwetu Katanga, mufano muzuri ni musalaba wa shaba. Zamani, mbele Wazungu hawajafika, wafundi wa shaba waliyeyusha mawe ya rangi ya majani ndani ya tanuru za udongo, wakamwanga shaba ndani ya umbo la musalaba lililochimbwa chini. Musalaba ule haukuwa juu ya Yesu. Wale watu hawakumusikia bado. Ulikuwa feza: watu walinunua nao vitu, waliutoa kwa mahari. Ku Sanga, kandokando ya ziwa Kisale, wafundi wa historia walifukua makaburi ya zamani sana na kukuta misalaba ya shaba pamoja na mifupa ya wafu. Nyuma yake, katika mwaka wa 1960, misalaba tatu ilitiwa juu ya bendera ya Katanga. Leo inauzwa kwa wageni kama ukumbusho wa safari.

Tunaona basi: shaba ni ile ile, umbo ni lile lile, lakini maana imekwenda kutoka feza mupaka siasa, na kutoka siasa mupaka biashara ya soko. Maana haikai ndani ya shaba. Inakaa ndani ya watu, na watu wanabadilika.

2. Mutu mumoja, bendera mara sita

Tulikwenda kwa Papa Zamu, jioni, tukamuliza juu ya nini alifua bendera. Yeye alianza kwa kuhesabu na vidole. Alizaliwa mwaka wa 1954, na alianza primeri mwaka wa 1960.

Bendera ya kwanza aliyoimbia ilikuwa ya Katanga: nyekundu, nyeupe na rangi ya majani, pamoja na misalaba tatu. Moïse Tshombe alitangaza tarehe 11 Julai 1960 kwamba Katanga imejitenga na Kongo, na mambo yale yalikwisha Januari 1963.

Ya pili ilikuwa bendera ya Kongo ya uhuru: bluu, nyota moja kubwa katikati, na nyota sita ndogo kando ya mulingoti, juu ya majimbo sita ya wakati ule. Ku Katanga watu hawakuizoea bado, na katika mwaka ule ule wa 1963 ikabadilishwa. Ya tatu ilikuwa bluu yenye mustari mwekundu wa kukata pembe kwa pembe, na nyota moja pale juu.

Ya ine ilikuja mwaka wa 1971, wakati inchi ilipoitwa Zaïre: rangi ya majani, na katikati mukono unaoshika mwenge wa moto. Ya tano ilikuja Mei 1997, wakati Laurent-Désiré Kabila alipoingia Kinshasa: tulirudilia nyota sita za 1960. Ya sita ni hii ya sasa, iliyoletwa na katiba ya tarehe 18 Februari 2006: bluu ya mbingu, nyota ya manjano, mustari mwekundu wenye kuzungukwa na manjano. Inafanana na ile ya 1963.

Papa Zamu alifunga vidole vyake akasema: « Mara sita walitukusanya, mara sita walituambia: sasa njo ya kweli. » Sisi tulicheka, yeye hakucheka.

Kati ya bendera hizi, nyota ya manjano ina historia ya kushangaza. Ilikuwa kwanza alama ya chama cha mufalme Leopold II wa Ubelgiji, kisha ya Kongo yake ya 1885, na Wabelgi wakaiendelesha kutoka 1908 mupaka 1960. Wao walieleza kwamba nyota ni nuru inayoingia katika inchi ya giza. Giza, ni sisi! Lakini wakati wa uhuru wakubwa wetu hawakuitupa. Waliichukua na kuipa maana ingine: umoja wa Kongo na siku njema zinazokuja. Leo hakuna mutoto anayeiangalia na kufikiri Leopold. Vile, alama iliyoletwa na mwenye nguvu inaweza kukamatwa na wale aliowatawala, nao wakaifanya yao.

Mwenge wa Zaïre nao ulikuwa na maana mbili. Kwa wazee wengine ni wakati Wakongomani walianza kujisikia taifa moja, na wakati Léopards walikwenda Ujeremani katika mwaka wa 1974 kucheza Kombe la Dunia. Kwa wengine ni chama cha MPR, ambacho kila mutu alikuwa memba wake hata bila kuomba. Watu wa makanisa wanakumbuka kwamba katika mwaka wa 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa. Mwishoni mwa 1974 serikali ilikamata masomo ya makanisa, na somo la dini likatoka. Makanisa yalirudishiwa masomo katika mwaka wa 1977. Bibi ya mumoja wetu alituambia kwamba alipoona mwenge alikuwa akifikiri jina lake ambalo aliweza kuitwa nyumbani tu. Jirani yake, wa miaka yake, alipoona mwenge ule ule alifikiri mupira. Hakuna kati yao aliyesema uongo.

3. Mufalme aliyerudi siku moja tu

Bendera inaweza kubadilishwa kwa siku moja. Sanamu ni nzito zaidi.

Mwaka wa 1928, Wabelgi walisimamisha ku Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville, sanamu kubwa ya Leopold II akipanda farasi. Mutu huyu hakukanyaga Kongo hata siku moja, lakini kwa ajili ya kauchu na pembe za tembo watu wetu walipigwa, walifungwa na kuuawa chini ya serikali yake. Kwa miaka 39 mufalme yule alikaa juu ya farasi. Kwa Mubelgi aliyepita pale, sanamu ilisema: « Huyu ni mwenye kuanzisha kazi hii. » Kwa Mukongomani, ilisema: « Hapa siko kwako. »

Mwaka wa 1966 majina ya miji yalibadilishwa: Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville Kisangani, Élisabethville Lubumbashi. Mwaka wa 1967 Leopold alishushwa kwa agizo la Mobutu. Mwaka wa 1971 ikafika zamu ya Stanley, aliyekuwa amesimama ku mulima Ngaliema. Sanamu yake ilivunjwa kwa miguu, na miili ya shaba ilitupwa nje bila heshima.

Basi, Februari 2005, watu wa Kinshasa walistuka. Leopold alikuwa amerudi! Waziri wa utamaduni wa wakati ule aliamuru asimamishwe tena katika barabara kubwa ya 30 Juni, karibu na gare. Aliona kwamba historia isifutwe, hata ile ya uchungu. Watu walijaa pale, wengine walishangaa, wengine walikasirika. Nyuma ya muda mufupi tu sanamu iliondolewa. Leo Leopold na farasi wake wako ku mulima Ngaliema, katika uwanja wa vitu vya kale, na mwenye kutaka anakwenda kuwaona.

Tulibishana sana juu ya jambo hili, na hapa tulipatana. Waziri alisema kweli kwamba tusisahau. Lakini pahali nako kunasema. Sanamu iliyo juu ya nguzo katikati ya barabara inatuambia: « Muheshimu huyu. » Sanamu ile ile katika nyumba ya vitu vya kale inatuambia: « Mujue huyu. » Kuheshimu na kujua si neno moja. Wabelgi wenyewe wanasumbuka na ulizo hili, kwa sababu katika mwaka wa 2020 sanamu ya Leopold iliondolewa ku Antwerpen kisha watu kuichoma moto.

4. Kwetu, ambapo ni vigumu zaidi

Kusema juu ya Leopold ni rahisi, kwa sababu sisi wote tuko upande mumoja. Tulipofika kwa mambo ya kwetu, sauti zilishuka.

Katikati ya Lubumbashi, karibu na posta, kuko sanamu ya Moïse Tshombe. Safari fupi kwa motokari kutoka pale, kuko Shilatembo, pahali Patrice Lumumba alipouawa pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, usiku wa tarehe 17 Januari 1961, wakati serikali ya Tshombe ilikuwa ikitawala. Vikumbusho vyote viwili viko katika jimbo moja. Mutoto anaweza kuviona katika siku moja.

Mwenzetu mumoja alisema kwamba nkambo yake alikuwa askari wa Tshombe. Kwake, sanamu ile ni mutu wa kwetu aliyetaka feza ya shaba ibaki kwetu. Mwenzetu huyu anavaa shingoni musalaba mudogo wa shaba aliopewa na nkambo.

Mwenzetu mwingine, musichana, alinyamaza muda murefu. Kisha akasema kwamba nkambo yake alitoka Kasai kuja kutumika ku njia ya reli, na kwamba wazazi wake walizaliwa hapa. Katika miaka ya 1992 na 1993, wakati watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, jamaa yake ililala majuma mengi ku gare ya Likasi wakingojea gari-moshi, na dada ya mama yake, mutoto mudogo, alikufia pale. Alisema: « Mama yangu akiona musalaba ule juu ya shati ya mutu, anavuka barabara. »

Hakuna aliyejibu. Mwenzetu mwenye musalaba hakuuvua, lakini aliutia ndani ya shati. Mwalimu hakumusemesha, na sisi vilevile.

Tulitaka kuandika hapa nani ana haki, na hatukuweza. Tunaweza kuandika hili tu: mutu anayesema « alama hii ni yetu » anapashwa kuuliza nani yuko ndani ya neno « yetu », na nani amebaki inje.

5. Jino

Wauaji wa Lumumba hawakutaka awe na kaburi. Mwili wake uliharibiwa ili pasipatikane pahali pa kulia. Lakini polisi mumoja Mubelgi aliweka jino. Tarehe 20 Juni 2022, ku Bruxelles, serikali ya Ubelgiji ililirudisha kwa watoto wa Lumumba. Jino lilitiwa ndani ya sanduku la maiti, likasafirishwa mupaka Sankuru alikozaliwa, Kisangani, Shilatembo, na Kinshasa. Tarehe 30 Juni 2022 liliwekwa ku Limete, chini ya munara murefu, karibu na sanamu yake inayoinua mukono.

Hii inatufundisha nini? Jino moja ni kitu kidogo sana. Hakuna mufanya-biashara ambaye angelinunua. Na bado inchi nzima ilisimama. Ndiyo kusema, uzito wa alama hautoki kwa ukubwa wake. Unatoka kwa kile watu waliponyimwa.

6. Je, ni ibada ya sanamu?

Tunawajibu sasa wale wa tatu. Yoshua aliamuru watu watoe mawe kumi na mbili kutoka Yordani, wayasimamishe Gilgali, ili watoto watakapouliza maana yake, wazazi waeleze. Mawe hayakuabudiwa. Kazi yao ilikuwa kuleta ulizo. Lakini nyoka ya shaba ambayo Musa alifanya ku jangwa, iliyokuwa ukumbusho wa wokovu, watu walianza kuifukizia uvumba, na mufalme Hezekia akaivunja. Ukumbusho ule ule wa kweli uligeuka kuwa sanamu.

Basi tunafikiri hivi: alama ni nzuri ikiwa inaruhusu maulizo. Siku inapokataza maulizo, imeanza kugeuka nyoka. Wazee wetu waliona hivi zamani za chama kimoja, wakati watu walilazimishwa kuimba na kucheza ngoma mbele ya wakubwa.

Na alama inaweza kusema kweli hata kwa kunyamaza. Wote wanakumbuka tarehe 7 Februari 2024, ku Abidjan, mbele ya muchezo na Côte d'Ivoire. Wakati wa wimbo wa taifa, Léopards walifunika kinywa na mukono mumoja, na vidole viwili vya mukono mwingine waliviweka kichwani kama bunduki. Walisema juu ya wafu wa Mashariki ambao dunia haiwasemi. Wengi wetu tuliimba wimbo ule miaka mingi bila kusikia kitu. Siku ile, tulisikia.

7. Mwisho wa habari

Tulirudia kwa mwenzetu aliyepewa azabu. Tulimuliza: wewe ulitaka kusema nini? Alituambia kwamba ndugu ya baba yake alikuwa askari, akafa ku vita Mashariki. Watu walikuja na bendera, walisema maneno mazuri, wakaenda. Malipo ya mujane yanangojewa mupaka leo, na watoto wake watatu wameacha masomo. « Ndiyo maana nilisema iko kitambaa tu, » akasema. « Kwetu, haikuwa kitu kingine. »

Hatukujua. Mwalimu wa disiplini naye hakujua. Tulimupelekea habari hii, na tunamushukuru kwa sababu alikuja mwenyewe kuongea na mwanafunzi.

Na Papa Zamu? Jibu lake lilikuwa fupi: « Drapo haina kosa. Watoto wanaimba chini yake, haifai iwe na matope. »

Ubavuni mwa chui, pembe la tembo, mukuki na jiwe la taifa letu, katiba imeandika maneno matatu: Haki, Amani, Kazi. Bendera haiwezi kuleta hata moja ya hayo. Inaweza tu kutukumbusha kila asubui kwamba tuliyaahidi. Mutu anayesimama wima mbele yake na kumunyima mujane haki yake, huyu ndiye anayeifanya kitambaa tu.

Kilasi yetu imechanga feza na kununua kamba mupya. Tena tunaomba kwa wakubwa wa masomo jambo moja: kila siku ya kwanza ya juma, mbele ya wimbo, mwanafunzi mumoja aeleze kwa dakika mbili alama moja ya inchi yetu, na wengine waruhusiwe kumuliza.

Maulizo ya kufikiri:
1. Nyumbani kwenu kuko kitu gani cha zamani ambacho wazazi hawataki kukitupa? Juu ya nini?
2. Kama ungepewa ruhusa ya kusimamisha kikumbusho kimoja tu katika muji wetu, kingekuwa cha nani, ao cha nini? Nani angekipita kwa huzuni?
3. Je, azabu ilikuwa ya haki?

Mwenye mawazo ingine ayaandike, ayatie ndani ya sanduku la gazeti, karibu na mulango wa biro. Tutayachapa, hata yakitupinga.

Ni sisi, wanafunzi wa kilasi ya mwisho.